Mtegemewa Anapogeuka Mtegemezi: Uteuzi wa Bima ya Afya ya Mzee Kilungu

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii huwasuta wale wanaoyaona mateso ya wengine kuwa mepesi, na siku hizi inawafaa mno watoto wanaomchagulia mzazi wao bima ya afya. Kila mmoja wao huupima mzigo akiwa mbali nao. Mwenye mshahara huuona kuwa ni makato. Asiye na mshahara huuona kuwa ni deni jingine. Naye mzazi, ambaye goti lake ndilo liumalo na damu yake ndiyo ipandayo, huulizwa mwisho, baada ya shauri kwisha kukatwa. Makala haya yanaeleza kisa cha mama mmoja wa Kilungu na watoto wake. Nia ni kuonyesha kwamba bima imfaayo mzee haichaguliwi kwa kutazama bei peke yake, bali kwa kuuliza mambo mawili: mzee huyu huugulia wapi, na amehesabiwa kwa jina la nani?

Kilungu ni nchi ya milima katika Kaunti ya Makueni. Gari likiiacha barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa pale Salama, hupanda hadi Nunguni, mahali ambapo baridi ya asubuhi huwashangaza wageni walioambiwa kwamba Ukambani kote ni jua na vumbi. Mashamba ya huko yamekatwa matuta yanayouzunguka mlima kama ngazi. Wenyeji walijifunza zamani kwamba mtu mmoja hawezi kuuzuia udongo wa mlima mzima usichukuliwe na mvua. Ndipo wakashirikiana katika mwethya, yaani kundi la majirani linalolima shamba la huyu leo na la yule kesho. Kwa hakika, mwethya ni bima ya aina yake, maana mtu hutoa nguvu zake leo akijua kwamba siku atakapolemewa, wengine watamtolea zao. Tofauti ni moja, nayo si ndogo. Katika mwethya, mtu humjua kwa sura anayemdai na anayemlipa. Katika bima ya serikali, hukijua kiasi anachotoa, ila mara nyingi hakijui anachonunua.

Mama anayezungumziwa hapa alizaliwa mwaka 1950. Kwa miaka mingi, bima kwake ilikuwa mstari mmoja katika hati ya mshahara ya mumewe. Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, iliyojulikana na wengi kwa kifupi cha NHIF, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1966, na mume wake alikatwa kila mwezi maadamu alikuwa kazini. Jina la mke na majina ya watoto yaliingia katika kadi yake. Mzee alipostaafu, mshahara ulikoma, na makato yakakoma nao. Ilikuwapo njia ya kuchangia kwa hiari, kwa shilingi 160 kwa mwezi, kiwango kilichopandishwa hadi shilingi 500 mwaka 2015. Mchango huo ulilipwa kwa muda, ukacheleweshwa, ukatozwa faini, na hatimaye ukasahaulika. Mzee alipofariki, mjane alibaki na kadi ambayo haikuwa na kazi, akaihifadhi katika mkoba pamoja na picha za harusi.

Kisha yakaja mabadiliko aliyoyaelewa bila ya kufafanuliwa. Serikali ya Kaunti ya Makueni, chini ya gavana wake wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, ilianza kuwatibu bure wazee waliotimiza miaka 65, na mwaka 2016 ikawafungulia mlango wakazi wote kupitia mpango wa MakueniCare. Kila kaya ilitozwa shilingi 500 kwa mwaka mzima ili itibiwe katika hospitali za kaunti, nao wazee hawakudaiwa ada hiyo. Mama alikuwa na umri wa miaka 66. Hakuulizwa habari za mshahara wala za mume. Aliulizwa kitambulisho, mwaka wake wa kuzaliwa ukasomwa, akatibiwa. Hata leo husema kwamba huo ulikuwa wakati wa kwanza ambapo uzee wake ulimpa kitu badala ya kumnyang'anya. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba mpango huo ulikuwa na mpaka. Ahadi ya kaunti ilikomea katika hospitali za kaunti. Mgonjwa aliyelazimika kupelekwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, aliiacha ahadi hiyo nyuma yake.

Mwezi wa Oktoba 2023 sheria mpya ya bima ya afya ya jamii ilitiwa sahihi, na tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikaipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu huiita SHA. Mfumo huu mpya una hazina tatu, na asiyezitofautisha hawezi kumchagulia mzee lolote. Ya kwanza ni hazina ya huduma za msingi. Hii hulipia matibabu katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, na aliyesajiliwa huipata bila ya kudaiwa mchango. Ya pili ni hazina ya bima yenyewe, inayolipia matibabu ya hospitali kuanzia ngazi ya 4, hasa kulazwa na upasuaji, na hii humhudumia aliyelipa tu. Ya tatu ni ya dharura na maradhi sugu na mahututi, nayo huingia pale fungu la hazina ya pili linapomalizika. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake kwa maswali, kisha hupangiwa kiasi ambacho hakipungui shilingi 300 kwa mwezi, nacho hutakiwa kulipwa kwa mwaka mzima. Kwa hiyo kima cha chini kabisa ni shilingi 3,600.

Watoto wa mama huyu walikutana nyumbani wakati wa Krismasi ya mwaka 2024. Kifungua mimba ni fundi wa magari jijini Nairobi. Wa pili, binti, ni mwalimu Machakos. Kitinda mimba analima hapo hapo nyumbani pamoja na mkewe. Kikao kilianza kwa wepesi, kwa sababu wote walidhani kwamba jambo limekwisha kabla ya kuanza. Mwalimu anakatwa kila mwezi. Basi mama ataingia katika kadi ya mwalimu, na kila mtu aendelee na chai yake. Mwalimu ndiye aliyelivunja wazo hilo. Alikuwa ameuliza. Mchango wake unamfunika yeye, mume wake na watoto wao. Mama mzazi hamo. Hakuwamo hata katika siku za NHIF.

Ukimya ulioingia hapo unastahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa lugha. Katika Kikamba, musyi ni nyumbani, na ni watu wa nyumbani pia. Mama, wanawe, wake za wanawe na wajukuu wote ni wa musyi mmoja. Katika karatasi za bima, aliye chini ya mchangiaji huitwa mtegemezi, na watoto waliamini kwamba mama yao, ambaye kwa hakika anawategemea, lazima awe mtegemezi wao. Sheria haikubaliani nao. Mtegemezi wa kisheria ni mwenzi wa ndoa na mtoto. Zaidi ya hayo, lugha yenyewe inawakumbusha jambo walilolisahau. Mtegemezi ni yule ategemeaye. Mtegemewa ni yule anayetegemewa. Kinachowatenganisha ni kiambishi kidogo cha kauli ya kutendwa. Mama huyu alikuwa mtegemewa kwa miaka arubaini. Karo ya fundi na ya mwalimu ilitoka katika parachichi na mboga alizozibeba mgongoni hadi sokoni Nunguni. Alipopoteza kiambishi hicho, hakupewa hata nafasi ya mtegemezi katika kadi ya mwanawe. Ilimbidi ahesabiwe peke yake, kwa jina lake.

Hapo ndipo ubishi halisi ulipozuka. Fundi alishikilia kwamba mama asajiliwe tu, basi. Zahanati ni bure, na shilingi elfu kadhaa kwa mwaka ni fedha za kununulia mbolea. Mwalimu alisisitiza kwamba mchango wa mwaka ulipwe wote mara moja, kwa kuwa mzee wa miaka 74 mwenye shinikizo la damu na kisukari hawezi kuambiwa asubiri. Kitinda mimba aliuliza juu ya bima za kampuni binafsi, akajibiwa kwamba nyingi ya hizo huweka ukomo wa umri wa kujiunga, na ada zake hupanda kadiri umri unavyopanda. Kila mmoja alikuwa na hoja, na kila hoja ilikuwa na ukweli wake. Kilichokosekana ni mtu anayejua mama hutumia fedha kwa jambo gani.

Mtu huyo alikuwapo, ila hakuwa ameulizwa. Mke wa kitinda mimba, ambaye ndiye humpeleka mama kliniki, alikuwa na daftari. Alikuwa ameandika matumizi ya mwaka mzima, si kwa ajili ya kumdai mtu, bali kwa sababu alizoea kuandika hesabu za kikundi chao cha akina mama. Daftari hilo lilisomwa mezani. Katika mwaka huo mama hakuwa amelazwa hata siku moja. Fedha zilikwenda kwa bodaboda ya kwenda kliniki na kurudi. Kwa vidonge vya shinikizo vilivyonunuliwa dukani wakati zahanati haikuwa navyo. Kwa kipimo cha sukari. Kwa dawa ya kuchua goti. Zilikuwa senti ndogo ndogo. Chovya chovya, asemavyo Mswahili, humaliza buyu la asali. Fundi aliyatazama majumlisho mara mbili, kisha akalirudisha daftari kwa mikono miwili, kama mtu anayerejesha kitu cha heshima.

Baada ya kusikia yote hayo, mama aliomba naye asikilizwe. "Mwaitu, sema," alisema mwalimu. Mama aliuliza maswali matatu. Dawa zangu za kila mwezi zitatoka wapi? Nikilazwa, nani atalipa kitanda? Nikizidiwa usiku, nitashukaje mlima huu? Msomaji akiyatafakari maswali haya ataona kwamba yamepangwa vizuri kuliko hoja za wanawe. La kwanza linajibiwa na hazina ya huduma za msingi, mradi zahanati iliyo karibu iwe na dawa. La pili linajibiwa na hazina ya bima, mradi mchango wa mwaka uwe umelipwa kabla ya ugonjwa kubisha hodi. La tatu halijibiwi na bima yoyote kwa uhakika. Hujibiwa na jirani mwenye gari, na fedha za mafuta zilizowekwa mahali zinapojulikana. Fundi alikuwa akijibu swali la kwanza, mwalimu la pili, na daftari lilikuwa limejibu la tatu. Walikuwa wakibishana kana kwamba swali ni moja.

Palibaki upimaji wa uwezo. Mjukuu alishika simu, akayasoma maswali. Mnaishi wangapi katika kaya? Kaya ni neno zito. Kwa Wamijikenda ni makazi ya kale ya wahenga, ambayo misitu yake iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kwa watakwimu ni watu wanaoishi pamoja, walio chini ya mkuu mmoja, wanaokula chungu kimoja. Mama analala katika nyumba yake mwenyewe, ila chungu ni cha mkazamwana, hatua thelathini kutoka mlangoni kwake. Je, yeye ni kaya peke yake, au ni sehemu ya kaya ya kitinda mimba? Walijadili swali hilo kwa muda mrefu kuliko walivyojadili fedha, na hatimaye wakaandika kwamba anaishi peke yake, kwa kuwa mlango wake una kufuli yake.

Maswali yaliyofuata yalihusu nyumba. Kuta ni za nini? Sakafu je? Maji hutoka wapi? Nyumba ya mama ni ya mawe, sakafu ni ya saruji, na nje lipo tangi la maji. Vyote hivyo vilijengwa na wanawe. Fundi alimnong'oneza mjukuu aandike kwamba sakafu ni ya udongo, ili kiasi kipungue. Mama alisikia. Alisema kwamba nyumba hiyo waliijenga kwa jasho lao ili asilale penye unyevu, naye hataikana mbele ya serikali ili apunguziwe bei. Ikaandikwa saruji. Kiasi alichopangiwa kikazidi kima cha chini. Inaweza kusemwa, na ni haki isemwe, kwamba kipimo hiki kina kasoro kwa wazee: husoma hisani ya watoto kana kwamba ni mapato ya mama. Nyumba ya mawe hailipi mchango. Mjane anayeishi humo anaweza kukosa hata nauli ya kufika Wote. Hata hivyo, kasoro ya kipimo ni jambo la kutetewa hadharani, na mama huyo hakutaka litatuliwe kwa uongo sebuleni mwake.

Shauri lilikatwa hivi. Mama alisajiliwa kwa jina lake, na namba ya simu iliyoandikwa ilikuwa yake mwenyewe, si ya fundi aliye Nairobi, ili ujumbe wa kumthibitisha umfikie mahali alipo. Mchango wa mwaka ulilipwa wote mwezi wa Januari 2025, mwalimu na fundi wakiutanguliza. Mfuko mdogo uliwekwa mikononi mwa mkazamwana kwa ajili ya dawa na nauli, na daftari likaendelea. Lakini mama aliongeza sharti. Yeye hupokea fedha za wazee za mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo tangu mwaka 2018 zilitengewa waliotimiza miaka 70. Kutoka humo atawarudishia wanawe shilingi 300 kwa kila mwezi. Walipomwomba asijisumbue, aliwajibu kwamba kadi ina jina lake, na hapendi jina lake lilipiwe lote na watu wengine. Huko ndiko kukirudisha kile kiambishi alichokuwa amepoteza.

Mwezi wa Novemba 2025, mvua za vuli ziliponyesha mlimani, mama alishikwa na nimonia. Jirani mwenye gari alimshusha usiku hadi hospitali moja ya umma. Mashine ya alama za vidole ilimkataa mara tatu, kwa kuwa vidole vilivyoshika jembe kwa miaka sitini hufifia. Alitambuliwa kwa kitambulisho na uvumilivu wa mhudumu. Alilazwa siku nne. Kitanda na matibabu vililipwa na bima. Dawa mojawapo haikuwapo hospitalini siku ya pili, ikanunuliwa nje kwa fedha za mfuko wa mkazamwana. Kama mchango usingekuwa umelipwa, watoto wangechangisha kwa simu usiku huo. Kama mfuko usingekuwapo, bima iliyolipwa ingemlaza mgonjwa kitandani bila ya dawa. Walivihitaji vyote viwili, na hakuna hata kimoja ambacho kingeonekana katika ubishi wa nani ana hoja bora.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Nacho kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ni nadra vifungu hivi vitatu kusomwa pamoja, ilhali mzee anayejaza fomu ya bima anavihitaji vyote kwa wakati mmoja. Haki ambayo imeandikwa kwa istilahi asizozielewa mwenye haki huishia mikononi mwa yule anayezielewa. Kaya, mtegemezi, mnufaika, mchango, ngazi: haya ni maneno ya Kiswahili sanifu, yanayofundishwa na kutahiniwa, lakini mama wa Kilungu alifafanuliwa maana zake na mjukuu wa gredi ya nane. Wataalamu wa lugha wamejadili istilahi za isimu na za fasihi kwa bidii inayostahili kusifiwa. Istilahi za wodini na za fomu ya bima hazijapewa bidii kama hiyo, ingawa kosa la tafsiri huko humwacha mgonjwa nje ya mlango.

Wanafunzi watakaporejea makwao wakati wa likizo, huko Kilungu, Mbooni, Mwingi au kwingineko, wengi watakabidhiwa simu na wazazi wao, waambiwe, "Nisomee hapa." Huo si wakati wa kusoma haraka na kubonyeza ndiyo. Na waulize kwanza dawa za kila mwezi hutoka wapi, kitanda kitalipwa na nani, na usiku mlima utashukwa vipi. Waulize pia jina la nani liandikwe. Kisha wanyamaze, wamsikilize mzee.